Mtawala ukutani, mtawala kwenye kitenge: jibu kuhusu sanaa ya leo, utamaduni pendwa na madaraka

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninasoma sanaa, mwaka wa pili. Darasani tulioneshwa picha ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, akiwa ameuawa, na nyuma yake misalaba mitatu, kisha tukaoneshwa picha za mchoraji mzaliwa wa Nairobi zinazohusu mikutano ya kampeni. Mhadhiri alisema zote ni sanaa inayochunguza utamaduni pendwa na madaraka ya kisiasa. Mimi naona ile ya kwanza ni picha ya dini na hizi nyingine ni taarifa ya habari iliyopakwa rangi. Kwa nini msanii achukue vitu vya mtaani kusema jambo zito namna hiyo? Na nitajuaje kama anamsifu mtawala au anampinga?"

Marahaba. Nitaanza na swali la "kwa nini", maana likikaa sawa lile la kusifu na kupinga litabadilika lenyewe.

Ulivyouliza ni kana kwamba siasa inakaa juu, kwenye ikulu na bungeni, na msanii ndiye anayeishusha mtaani kwa kuivika nguo za watu wa kawaida. Ukweli ni kwamba madaraka yalikwisha kufika mtaani zamani, tena kwa miguu yake yenyewe. Picha rasmi ya rais imetundikwa juu ya kaunta ya duka. Sura ya mgombea imechapwa kwenye kitenge, kwenye fulana na kwenye kofia atakayovaa mtu akienda shambani. Nyimbo za kampeni zina mdundo uleule wa nyimbo za harusi, na mara nyingi waimbaji ni walewale. Msanii wa leo anapotazama utamaduni pendwa anakuta mtawala amekwisha kujitengenezea nafasi humo, na kazi inayomkabili ni kuuliza ameingiaje, nani alimfungulia mlango, na watu wanaoishi na sura yake kila siku wanaifanyia nini.

Hakuna mahali panapoonesha jambo hili waziwazi kama Zaire, yaani Kongo, chini ya Rais Mobutu Sese Seko, na ndiyo sababu nadhani mhadhiri wako alianzia huko. Mobutu alitwaa serikali tarehe 24 Novemba 1965, akaunda chama chake cha MPR mwaka 1967, na mwaka 1971 akaibadilisha nchi jina. Utawala wake ulijengwa kwa askari na fedha za madini, lakini pia kwa mavazi, ngoma na televisheni. Kofia ya ngozi ya chui ilimtambulisha hata kwa mtoto asiyejua kusoma. Suti na tai ziliondolewa, badala yake wanaume wakavaa koti lisilo na tai lililoitwa abacost. Taarifa ya habari ya televisheni ilianza kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Vikundi vya hamasa vilicheza na kuimba kumtukuza, na vitenge vya chama vilibeba picha yake kifuani na mgongoni mwa wavaaji. Hata muziki wa dansi, uliopendwa kuliko kitu chochote kutoka Kinshasa mpaka Dar es Salaam, haukubaki nje: Franco Luambo Makiadi alifungwa mwaka 1978 kwa nyimbo zilizosemwa kuwa za matusi, na mwaka 1984 huyohuyo akatoa wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni. Ukimweka mwanamuziki huyu kwenye kundi la wasifuji au la wapinzani, utakuwa umepoteza nusu ya maisha yake.

Katika nchi hiyohiyo, kusini kabisa, kwenye mji wa migodi wa Lubumbashi, aliishi mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Hakusoma chuo cha sanaa. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga vilivyovutwa juu ya fremu za mbao, akatembea na picha zake akizitafutia wanunuzi, na bei yake ilikuwa ile ambayo mfanyakazi wa mgodini au karani angeweza kuimudu. Picha za aina hiyo zilitundikwa sebuleni, juu ya makochi, mahali ambapo mgeni akikaribishwa lazima azione. Wenyewe walisema zinaleta ukumbusho: mtu anaitazama, anakumbuka jambo, analisimulia, na mgeni naye anaongeza la kwake. Ndiyo maana wachoraji wa mji ule hawakuona aibu kuirudia picha ileile mara nyingi kwa wateja tofauti. Mteja hakuwa akinunua ubunifu usio na mfano wake. Alinunua mazungumzo yatakayofanyika nyumbani kwake.

Picha mojawapo iliyorudiwa sana iliitwa Colonie Belge. Nakuomba uitazame polepole utakapoipata. Katikati ya uwanja wa gereza, mfungwa amelazwa kifudifudi, nguo zimeshushwa, na askari Mwafrika ameinua kiboko juu ya makalio yake. Pembeni amesimama afisa Mbelgiji anasimamia. Bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya kila kitu. Wafungwa wengine wanaendelea na kazi, na wake zao wamefika na chakula. Hakuna uso unaolia kwa sauti kubwa, na rangi ni nyangavu kama za bango la dukani. Mtazamaji anayetafuta hasira hataiona haraka. Lakini mfuate askari yule kwa macho: anayepiga ni mtu mweusi, anayeamuru ni mzungu, na aliyening'iniza picha hii ukutani miaka ya 1970 alikuwa mfanyakazi anayeishi chini ya askari weusi wa serikali yake mwenyewe, huku bendera ikiwa nyingine. Picha inayosema "zamani" ilikuwa inatazamwa na watu walioishi "sasa", na hakuna polisi ambaye angeweza kumkamata mwenye nyumba kwa kutundika picha ya ukatili wa Wabelgiji.

Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yake, akianzia enzi za kabla ya ukoloni, akapitia utawala wa Ubelgiji, uhuru na vita vya kujitenga kwa Katanga, jimbo ambalo Lubumbashi ndio mji wake mkuu, akamalizia na mambo aliyoyawaza kuhusu siku zijazo. Aliyezinunua alikuwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo, na mazungumzo yao kuhusu kila picha yalirekodiwa. Yalifanyika kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, na mwaka 1996 yakachapishwa katika kitabu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hudhani mjadala mzito wa nadharia ya sanaa lazima uwe umefanyika kwa Kifaransa au Kiingereza. Hapa tuna mchoraji aliyejitambulisha kama mwanahistoria, akieleza kwa Kiswahili anavyofikiri juu ya dola, ushahidi na kumbukumbu. Ukipata nafasi ya kusoma maelezo yake, usiyasome kama maneno ya mtoa habari wa kijijini. Yasome kama unavyomsoma mwanazuoni, kwa kukubali na kubishana naye.

Sasa tuje kwenye Lumumba wako. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo la kusini, akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Desemba mwaka huohuo Lumumba alikamatwa na wanajeshi wa Mobutu, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa jeshi. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga, akauawa usiku huo pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, nje kidogo ya mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Watu watatu waliouawa pamoja, na misalaba mitatu nyuma yao: Tshibumba hakuficha alichokusudia, na alimwambia Fabian kwamba kwake Lumumba alikuwa Yesu wa Zaire. Umesema ni picha ya dini, na hujakosea, maana kalvari ilikuwa picha inayojulikana katika kila nyumba ya Kikristo mjini humo, iwe kwenye kalenda, kwenye kadi za sakramenti au kwenye kuta za parokia. Mchoraji alichukua picha iliyokwisha kuzoeleka machoni na mioyoni, akaitumia kumweka mwanasiasa mahali ambapo hukumu ya serikali haimfikii tena.

Lakini kama Lumumba ni Yesu, basi nani ni Pilato? Nani ni Yuda? Picha haisemi. Kila aliyeketi sebuleni alijua hadithi ya Injili mpaka mwisho, na angeweza kujaza nafasi hizo kimoyomoyo. Hapo ndipo swali lako la kusifu na kupinga linapoanza kuyumba. Mwaka 1966 Mobutu mwenyewe alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Kwa hiyo kuitundika picha ya Lumumba kulikuwa utii, tena utii wa kupigiwa mfano: raia anamheshimu shujaa aliyetangazwa na rais. Papo hapo kulikuwa ni shtaka, kwa kuwa kila mtu alijua ni askari wa nani waliomfunga kamba. Tena katika mji ule walikuwapo majirani walioshangilia Katanga ilipojitenga, na kwao picha hiyo iligusa kidonda kingine kabisa. Ukutani ni palepale, msumari ni uleule, na maana zilikuwa tatu au zaidi kulingana na aliyeketi kwenye kochi. Mchoraji hakuwa amekosa msimamo. Alikuwa na msimamo mkali sana, na alijua kwamba chini ya utawala ule picha yenye maana moja tu ingekuwa picha ya muda mfupi.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena, na hatima yake haijulikani. Mfululizo wake uko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum. Nashukuru kwamba umehifadhiwa, kwa kuwa magunia ya unga hayadumu kwenye joto na unyevu wa nyumba zetu. Hata hivyo nina huzuni ambayo sitaificha. Picha iliyokusudiwa kuanzisha maongezi kati ya watu wanaojuana, wanaoogopana na wanaokumbuka mambo yaleyale, sasa inatazamwa kimya na wapita njia wanaosoma kibandiko. Rangi zimebaki, lakini yale mazungumzo yaliyokuwa nusu ya kazi yenyewe yamebaki kwenye kanda za sauti na kurasa za kitabu. Mji wenyewe haukunyamaza. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitengeneza mfululizo wa picha mwaka 2006 ambamo wafanyakazi na wakuu wa enzi ya ukoloni, waliokatwa kutoka kwenye picha za kumbukumbu, wamesimamishwa mbele ya mitambo iliyochakaa ya kampuni ya madini ya Gécamines. Chama cha wasanii alichoshiriki kukianzisha mjini humo kinaitwa Picha, na ndicho kinachoandaa maonyesho makubwa ya Lubumbashi.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Kongo peke yake. Nchini Kenya, kanuni za uchukuzi zilizoanza kutumika mwaka 2004, zile zinazoitwa kwa jina la waziri John Michuki, zilidhibiti mwendo kasi na idadi ya abiria, mambo ambayo mtu yeyote aliyepanda matatu za wakati ule atakubali yalihitajika. Lakini pia ziliamuru mstari wa manjano ubavuni na zikazifuta picha za wanamuziki, wacheza mpira na viongozi wa dunia zilizokuwa zimefunika mabasi hayo. Ilichukua takribani miaka kumi mpaka Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu michoro irudi. Dola haipotezi muda kufuta kitu kisicho na nguvu, na ruhusa iliyotolewa na rais kwa vijana wanaochora matatu nayo ilikuwa tendo la kisiasa, tena lenye faida kwake.

Mchoraji wa Nairobi uliyeoneshwa bila shaka ni Michael Armitage, aliyezaliwa mwaka 1984 na kusomea sanaa London. Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, alifuatana na wafanyakazi wa televisheni kwenda kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park. Kilichotokana na siku hiyo ni kundi la michoro mikubwa iliyooneshwa mwaka 2019 Venice, Italia, kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa. Unasema ni taarifa ya habari iliyopakwa rangi. Linganisha basi na taarifa ya habari yenyewe. Kamera ya televisheni hugeukia jukwaa, humtafuta kiongozi, na umati unakuwa pazia la nyuma. Katika kazi yake iitwayo The Fourth Estate, macho yetu yanapelekwa kwenye mti uliojaa watu waliopanda ili waone vizuri, wakining'inia kwenye matawi, na mpangilio wao unarudisha mchoro wa Goya, Mhispania wa karne mbili zilizopita, ambamo watu wamejipanga juu ya tawi moja jembamba. Kiongozi hayumo kitovuni. Tunaachiwa wale wanaompa nguvu kwa kuja kumtazama, na tunaona tawi walilokalia. Ukikumbuka kwamba Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo tarehe 1 Septemba, kwamba uchaguzi ulirudiwa Oktoba, na kwamba watu waliuawa katika ghasia za miezi hiyo, utaona kwa nini mchoraji hakuwa na haraka ya kumtafuta shujaa.

Isogelee kazi yake zaidi, kwa sababu nusu ya maana iko kwenye kitambaa. Armitage hachori kwenye turubai ya kawaida. Anatumia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa na Waganda kwa kuligonga gome kwa nyundo za mbao mpaka linyooke na kulainika. Wasomaji wa Kagera wanalifahamu, kwani Wahaya nao walilivaa zamani. Lubugo haliwi sawasawa. Lina matundu, makovu na mishono mahali lilipopasuka, na rangi ya mafuta inapopita juu yake mishono inabaki ikionekana, wakati mwingine katikati ya uso wa mtu. Kwa Waganda ni vazi la kutawazwa kwa Kabaka na pia ni sanda. Armitage alikutana nalo kwanza Nairobi, likiuzwa kwa watalii. Kitu kimoja kimebeba ufalme, mazishi na biashara ya ukumbusho wa safari, na juu yake mchoraji anaweka umati unaodai serikali. Mtu akikuambia kwamba lubugo ni pambo la kuwavutia wanunuzi wa London, mkubalie kwamba soko lipo na bei zake ni kubwa mno, kisha muulize mchoro huohuo ungesema nini kwenye turubai laini isiyo na tundu.

Yupo pia Michael Soi, wa Nairobi vilevile, aliyezaliwa mwaka 1972, ambaye njia yake ni ya mkato. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, wakati China ilipokuwa imeujengea Umoja wa Afrika makao yake makuu mjini Addis Ababa, alianza mfululizo wa China Loves Africa, wenye wanaume wa Kichina na wanawake wa Kiafrika kwenye kumbi za starehe, kwa mistari minene na rangi za bango. Banda la Kenya katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2015 lilipojazwa wasanii wengi wa China, naye alijibu kwa mfululizo mwingine. Serikali yenyewe ililikana banda hilo. Soi huchora pia kwenye mikoba, na mikoba hiyo hutembea mjini mabegani mwa watu ambao hawajawahi kuingia nyumba ya sanaa, jambo ninalolipenda sana. Ila nitakuambia ninavyoona: picha zake nyingi zina ufunguo mmoja. Ukishajua kwamba mwanamke ni Afrika na mteja ni China, umemaliza. Tena kuichora Afrika kila mara kama mwanamke anayenunuliwa kunaacha bila kuguswa wale waliotia saini mikataba, ambao wengi wao ni wanaume wa hapahapa kwetu.

Kwa hiyo badala ya kujiuliza kama msanii anasifu au anapinga, jiulize picha ilitengenezwa ili itundikwe wapi, nani angeitazama, na yeye angeweza kusema nini mbele yake bila kudhurika. Kwa Tshibumba majibu ni sebule ya mfanyakazi wa mgodini, mgeni anayejua Injili, na hadithi za Wabelgiji. Kwa Armitage ni ukuta mweupe wa Ulaya, na hilo linamlazimisha kubeba nyumbani kwake ndani ya kitambaa chenyewe. Nadhani analijua, kwani mwaka 2020 alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, ili kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki zionekane na watu wanaoweza kubishana nazo.

Ukitaka kufanya utafiti wako bila nauli ya Lubumbashi wala Venice, anza na kanga na vitenge vya uchaguzi vilivyomo kwenye masanduku ya mama zako na shangazi zako. Piga picha pindo, mji na jina la kila kanga, andika ni ya mwaka gani na ilitolewa na chama gani. Kisha muulize mwenyewe maswali ambayo chama hakikumuuliza: ulipewa au ulinunua, ulivaa mara ya kwanza wapi, uliacha lini kuvaa hadharani, na sasa unaitumia kwa kazi gani. Sura ya mgombea iliyogeuzwa kuwa ya kumbebea mtoto, ya kufunikia unga au ya kupigia deki ina maelezo yake, na mwenye kanga anaweza kukupa maelezo hayo kwa sauti ya chini au kwa kicheko. Yarekodi kwa ruhusa yake, kwa maneno yake mwenyewe, kabla hujaanza kuchora chochote.